Kiswahili Yetu Haiandikwi? Tuwaulize Wajapani



Wiki mbili zimepita tangu mkutano wa buletini yetu, na neno moja lililosemwa siku ile halijanitoka rohoni. Mwenzetu mmoja, tena ni rafiki yangu, alisimama na kusema: «Ukurasa wa Kiswahili tuuondoe. Kiswahili ya Lubumbashi haiko lugha ya kuandika. Ni ya soko, ni ya nyumba, ni ya kutuma mutoto maji. Wanafunzi wa shule zingine wakiisoma watatucheka.» Wengine walipiga mikono. Mimi nilinyamaza, juu sikuwa na jibu. Leo ninalo, na msishangae mkisikia kama limetoka Japani.

Ilikuwa hivi. Yaya yangu anasoma masomo ya fasihi kwa UNILU. Siku za pumziko alileta kwetu hapa Karavia buku ya kuazima, nzito kama matofali mawili, jina lake Hadithi ya Genji. Ni tafsiri ya Kifaransa ya René Sieffert, iliyomalizika mwaka 1988. Nilianza kuisoma kwa kiburi tu, ili niseme kama nimesoma buku nene. Kurasa za kwanza zilinishinda. Watu ni wengi, majina karibu hakuna: huyu anaitwa kwa cheo chake, yule kwa jina la nyumba anamokaa, kesho cheo kinabadilika na jina linabadilika nacho. Yaya alinicheka, akaniambia: «Usianze na hadithi. Anza na maelezo ya wale waliojifunza hadithi.» Nilifanya vile, na kusema kweli maelezo yalinishika sana, hata usingizi ulikimbia.

Mwandishi ni mwanamke. Aliishi Kyoto miaka elfu moja iliyopita, wakati mji ule ulikuwa makao ya mfalme mkuu wa Japani. Tunamwita Murasaki Shikibu, lakini hilo haliko jina lake. Shikibu ni ofisi ya sherehe za mfalme, pahali baba yake alipotumika; Murasaki ni mwanamke mmoja wa ndani ya hadithi, na watu walichukua jina lake wakampa mwandishi. Jina alilopewa na wazazi limepotea kabisa. Alitumika katika nyumba ya malkia Shōshi, mke wa mfalme Ichijō. Mwaka 1008 hadithi yake ilikuwa inasomwa pale tayari, kwani yeye mwenyewe anaitaja katika kitabu chake cha siku. Sura zake zote ni 54.

Angalieni neno nililoandika: alitumika. Ni kweli hakuwa mtu wa kufagia. Alikuwa mtoto wa watu wenye cheo, na kazi yake ilikuwa kukaa karibu na malkia, kumsomea, kumfundisha, kumsindikiza. Lakini alikuwa mtu wa kuitwa na kuitika ndani ya nyumba ya wakubwa. Mtu wa namna ile anaona mambo ambayo mgeni wa sebuleni hayaoni. Anajua nani alilia usiku, nani aliingia kwa mlango wa nyuma, barua gani ilirudishwa bila kufunguliwa. Hadithi yake imejaa mambo hayo. Vita karibu hakuna. Ni vyumba, mapazia, mvua, na watu wanaongojana.

Sasa mambo ya lugha, na hapa rafiki yangu anisikilize vizuri. Wakati ule wanaume wenye cheo waliandika Kichina. Sheria Kichina, barua za serikali Kichina, masomo ya vijana Kichina. Kichina kwao ilikuwa sawa Kifaransa kwetu: lugha iliyotoka mbali, yenye mabuku mengi, na asiyeijua hapati kazi ya ofisi. Lugha ya nyumba ilikuwa Kijapani, na kwa kuiandika walikuwa na herufi nyepesi za kufuata sauti, zinazoitwa kana. Walizipa jina la «mkono wa wanawake». Hapana kusema wanaume hawakuzijua. Walizitumia kwa mashairi na kwa barua za mapenzi. Lakini kwa jambo lililohesabiwa kuwa la maana, ilikuwa Kichina. Kulikuwa na gavana mmoja, Ki no Tsurayuki, aliyetaka kueleza safari yake ya kurudi Kyoto kutoka jimbo la Tosa, mwaka 935, kwa lugha ya nyumba. Mnajua alifanya nini? Aliandika kama vile yeye ni mwanamke! Gavana mzima.

Na Murasaki, Kichina aliijua. Anaeleza mwenyewe kama baba alikuwa akimfundisha ndugu yake wa kiume, yeye akakaa pembeni akasikiliza, akashika masomo mbele ya ndugu yake, mpaka baba akasikitika juu hakuzaliwa mwanaume. Baadaye alimfundisha malkia mashairi ya Bai Juyi, mshairi wa China, kwa siri, watu wasione. Kwa hiyo hakuandika lugha ya nyumba kwa kukosa ingine. Ninalisema hilo kwa sababu kwetu hapa mtu akiandika Kiswahili wanafikiri mara moja kama Kifaransa ilimshinda.

Leo vipande vya Genji vinafundishwa katika shule za sekondari za Japani, na tafsiri zake ziko katika lugha nyingi za dunia. Lakini pale nataka tukae kidogo, kwa maana watu wengi wanafikiri buku nzuri inajitunza yenyewe. Si kweli hata kidogo. Ya mkono wa Murasaki haukubaki hata ukurasa mmoja. Watu walinakili, aliyenakili alikosea, wa pili akanakili makosa ya wa kwanza na kuongeza yake, sawa sisi tunaponakili masomo ya jirani usiku wa mwisho kabla ya egzame. Miaka 200 baada ya mwandishi, nakala zilikuwa zinapingana. Njo akatokea mshairi mmoja, Fujiwara no Teika, aliyezaliwa mwaka 1162 na kufa mwaka 1241. Katika kitabu chake cha siku, mwaka 1225, aliandika kama wanawake wa nyumba yake wamenakili sura zote 54. Kwa upande mwingine baba na mtoto wake, Minamoto no Mitsuyuki na Chikayuki, walikusanya nakala nyingi na kuzilinganisha, na maandiko yao yanatofautiana na ya Teika. Mpaka leo wataalamu wanazijua jamaa hizo mbili za nakala kama sisi tunavyojua koo za vijiji vyetu. Katika karne ya 20 profesa Ikeda Kikan alilinganisha nakala tena, neno kwa neno, na kuchapa kazi hiyo tangu mwaka 1953 mpaka mwaka 1956. Aliaga dunia mwaka ule wa 1956.

Halafu mwaka 2019 nakala ya Teika ya sura ya tano ilionekana ndani ya sanduku, katika nyumba ya jamaa moja ya Tokyo. Karibu miaka 800! Nilipolisoma jambo hilo niliangalia sanduku la mama yangu chini ya kitanda. Ndani mna vitenge, karatasi za ubatizo, na barua ambazo hakuna mtu anayezisoma.

Iko tena jambo la dhambi, na sisi wa shule ya misioni swali hilo tunalijua. Genji, mtu mkuu wa hadithi, anamwendea mke wa baba yake, wanazaa mtoto kwa siri, na mtoto yule baadaye anakuwa mfalme. Siku za kale wako wafuasi wa Buddha waliosema kama Murasaki yuko motoni kwa kuandika uongo na uchafu, hata wakafanya ibada za kumwombea. Wengine walitaka kuokoa buku kwa kusema kama yote yaliandikwa ili kuonya watu. Halafu akaja Motoori Norinaga, daktari wa mji wa Matsusaka, aliyezaliwa mwaka 1730. Alitunza wagonjwa, na pembeni ya kazi yake alifundisha Genji kwa watu wa mji, kwa miaka mingi. Yeye alisema hadithi haiko mahubiri, isipimwe kama mahubiri. Kazi yake ni kumfanya msomaji ajue roho ya mtu mwingine inaguswa namna gani na mambo ya dunia, furaha na huzuni pamoja.

Mimi nakubali nusu. Ile sura ya tano iliyokuwa ndani ya sanduku, njo ile ambamo Genji anamchukua mtoto wa kike wa karibu miaka kumi, usiku, kabla baba ya mtoto hajafika, ili amlee na kumfanya mke wake. Nilikasirika, na sitaki mtu aniambie nisikasirike juu ya uzuri wa maandiko. Nasikia na wataalamu wa leo, wanawake wengi kati yao, wanabishana juu ya hilo. Ni vizuri wabishane. Buku ambayo watu wanabishana juu yake haijafa.

Sasa turudi nyumbani. Nimesema mtumishi wa nyumba ya wakubwa aliandika kwa lugha ya nyumba. Kwetu je? Kwetu vilevile aliandika, na wengi kati yetu hatujui.

Mwaka 1965, wakati mji wetu uliitwa bado Elisabethville (jina la Lubumbashi lilikuja mwaka 1966), watu waliofanya kazi ya nyumba kwa wazungu, maboyi na wapishi, walitoa kitabu kidogo chenye kichwa «Vocabulaire de ville de Elisabethville». Aliyekitengeneza ni André Yav. Kichwa ni Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili ya hapa, ile ile ya kutuma mutoto maji. Kilipigwa kwa mashini ya kuandika na kuzidishwa, sawa karatasi hizi mnazoshika. Na hakiko kitabu cha maana ya maneno. Ni historia ya mji tangu mwanzo mpaka siku zile, jinsi ilivyoonekana na wale waliopika, waliofua, waliosimama nyuma ya kiti wakati bwana anakula na wageni wake. Bwana alisema mambo yote mbele ya boyi, kwa sababu alimhesabu sawa kiti. Kumbe kiti kilikuwa na masikio, na kikajua kuandika.

Kitabu kile kingepotea. Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, njo alikifanyia kazi na kukichapa tena mwaka 1990, Amsterdam, pamoja na Kalundi Mango. Na namna walivyofanya inanifurahisha sana. Maandiko ya Yav yanasumbua macho: maneno yameunganishwa pahali yalipaswa kuachana, yamekatwa pahali yalipaswa kushikana, alama za kupumzikia hazifuati mpango. Ukisoma kwa macho tu unapotea. Kalundi Mango aliyasoma kwa sauti, kwa sikio la mtu wa hapa, na sauti yake ikaandikwa upya. Hivi maneno yakafunguka. Hakuna tofauti kubwa na wale wa Genji: maandiko ya kale ya kana hayakuwa na alama tunazozizoea, mara nyingi mwenye kusema hatajwi, na mtaalamu ni lazima ajue ni nani kwa namna ya heshima anayoitumia.

Nilitaka kuhakikisha mwenyewe. Maandiko ya Yav yako kwa intaneti. Yaya alinichapia kurasa chache. Nkambo wangu alipika kwa nyumba za wakubwa miaka mingi, alianza akiwa kijana. Mangaribi moja nilikaa naye inje, nikasoma kwa macho: sikuelewa nusu. Nikasoma kwa sauti: nkambo akaanza kuitika, «eee, eee», kama mtu anayesikia habari ya jamaa yake. Neno moja nilisoma vibaya mara tatu, akalisahihisha bila kuona karatasi, na macho yake hayaoni tena vizuri. Pahali pengine alinisimamisha, akasema: «Hapo hakusema yote.» Nikamwuliza: «Aliacha nini, nkambo?» Alinyamaza kwanza. Kisha akaeleza mpaka giza likaingia, na mama akatuita mara mbili tukale bukari.

Rafiki yangu atanijibu: «Lakini Genji ni hadithi ya kubuni, ya sanaa kubwa, na ile ya Yav ni historia ya maboyi. Unalinganisha dhahabu na makaa.» Nakubali kama haziko aina moja. Sisemi André Yav ni Murasaki wetu. Nasema kazi inayohitajika ni ileile: kunakili vizuri, kulinganisha, kuuliza wazee maana ya neno, kuuliza ni nani anayesema na kwa nani. Bila kazi hiyo hata Genji ingekuwa makaa. Wajapani wenyewe leo hawaisomi ile ya zamani bila msaada. Mshairi Yosano Akiko aliitia katika Kijapani cha siku zake kwa mara ya kwanza mwaka 1912 na 1913, kwa maana lugha ilikuwa imekwisha kuwa mbali. Lugha ya nkambo nayo inakwenda mbali, na haraka. Yako maneno ya jikoni ya wazungu wa zamani ambayo mimi, mjukuu wake, ninayaita Kichina.

Mwingine atasema Kiswahili ya kweli ni ya pwani, kule Lamu na Pate, ambako waliandika tangu zamani kwa herufi za Kiarabu. Ni kweli, na tuwape heshima. Lakini angalieni mfano wao mmoja: mwanamke Mwana Kupona, mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa mashauri. Mama na binti, ndani ya nyumba. Na hakutunga Kiarabu ya wanachuoni. Alitunga kwa maneno ya kwao.

Sasa neno linaloniumiza. Kazi ya Fabian ni nzuri, sina la kumlaumu. Mgeni kujifunza mambo yetu haiko kosa: Arthur Waley, aliyewapa Waingereza Genji kati ya mwaka 1925 na mwaka 1933, hakukanyaga Japani hata siku moja. Lakini Waley alipofungua buku ile, Wajapani walikuwa wamekwisha kuishughulikia miaka 700, na yeye alikaa juu ya mabega yao. Kwetu mgeni alianza, na tafsiri na maelezo ni ya Kiingereza. Ni wangapi wa klasi yetu wanaweza kuyasoma? Hapana kusema hakuna anayefanya: tangu mwaka 2000 profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa UNILU walianza kukusanya kumbukumbu za wakaaji wa mji huu. Hiyo ni ya chuo kikuu. Sisi wa sekondari tunafanya nini? Tunapiga mikono kwa kuondoa ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Karavia yetu ingali mahali pa kazi ya namna ile. Wazazi wetu wengi wanatumika: hotelini, kwa nyumba kubwa, kwa mlango kama walinzi, kwa moto kama wapishi. Wanarudi usiku na habari ambazo hakuna gazeti litakalozitoa. Wanazisimulia kwa Kiswahili, tunacheka, tunalala, kesho zimekwisha.

Kwa hiyo naomba mkutano ujao ulirudie jambo hili. Ukurasa wa Kiswahili ubaki, na kila namba ya buletini itoe kipande kimoja cha mzee mmoja, kimeandikwa jinsi alivyosema, na maneno magumu yaelezwe chini. Jina la mzee lisitolewe kama hataki. Anayeandika amsomee mzee kwa sauti kabla ya kuleta, ili mzee asahihishe. Ya nkambo wangu iko tayari, kurasa tatu.

Shida moja imebaki. Lile neno tunalosema kila siku, mimi niliandika «njo». Yaya anasema iandikwe «ndjo», kwa sababu ya Kifaransa. Na mwalimu mmoja niliyemwonyesha alichukua kalamu akatia «ndio» kila pahali. Nilimwuliza nkambo, akajibu kama yeye hajawahi kuliandika, amelisema tu. Niliacha «njo» ndani, na zile mbili nimeziweka pembeni kwa kalamu ndogo. Nimeongea na yule rafiki yangu wa mkutano. Amesema atasoma, na atakuja na ya nkambo wake aone nani ana haki.

Mwanafunzi wa klasi ya tano